Kwa Shujaa Huenda Kilio: Somo la Ngumi

Somo la kusoma na kuzungumza, darasa la wakubwa. Wazazi wanaombwa kulisoma pamoja na watoto wao nyumbani.

 

Jumamosi mbili zilizopita, tulipokuwa tukifanya zoezi la methali, kijana mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Mwalimu, nataka kujiunga na klabu ya ngumi iliyo karibu na kwetu. Baba amekubali, mama amekataa. Nani yuko sahihi?"

Darasa zima likaanza kusema kwa pamoja. Wapo waliosema mama anaogopa bure. Wapo waliosema mama ndiye anayejua. Mvulana mmoja akadai kwamba hayo ni mambo ya wanaume, na binti aliyekaa nyuma yake akamkumbusha kwamba Nicola Adams wa Leeds alichukua dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Muda ulitwishia kabla hatujafika popote, nami nikaahidi kuandaa somo. Ndilo hili.

Sitaamua kati ya baba na mama. Hilo si la mwalimu. Nataka tujiulize swali moja tu: ngumi zinapoanza kuumiza, ni nani anayepaswa kusema "basi"?

A. MANENO YA KUJUA KABLA YA KUSOMA

Ngumi, ndondi, masumbwi: majina matatu ya mchezo mmoja. Familia zetu za Kenya husema zaidi ndondi. Za Tanzania husema ngumi au masumbwi. Yote ni sawa.
Bondia (wingi: mabondia): mtu anayecheza ngumi.
Konde (wingi: makonde): pigo la ngumi.
Pambano (wingi: mapambano): mchezo kati ya mabondia wawili.
Ulingo: jukwaa lenye kamba pande zote, ambapo mabondia hupigana.
Refa au mwamuzi: anayesimamia pambano ndani ya ulingo.
Kona: pembe ya ulingo anapopumzika bondia, pamoja na watu wanaomhudumia.
Kutupa taulo: kona kuomba pambano lisimamishwe ili bondia wao asiumie zaidi.
Fuvu: mfupa mgumu wa kichwa unaolinda ubongo.
Kupoteza fahamu: kutojua kinachoendelea, kama mtu aliyelala usingizi usioamshika.

B. METHALI YA WIKI

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Maana yake: nyumbani kwa mtu mwoga watu wanacheka, kwa sababu amerudi salama. Nyumbani kwa shujaa watu wanalia, kwa sababu amekwenda vitani na hakurudi. Wengi wenu mlidhani methali hii inawasifu waoga. Sivyo. Wazee walioitumia walijua thamani ya shujaa, lakini walitaka ushujaa uhesabiwe mpaka mwisho, pamoja na gharama yake. Na gharama hiyo hailipwi na shujaa peke yake. Tazameni neno "kwa": kilio hakiendi kwa shujaa mwenyewe tu, kinakwenda nyumbani kwake.

C. HABARI YA KUSOMA

1. Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Chukua nazi kavu uitikise karibu na sikio. Utasikia maji yakicheza ndani. Ganda halijapasuka, lakini ndani kumetikisika. Kichwa cha binadamu kinafanana kidogo na nazi hiyo. Fuvu ni gumu. Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji maalumu. Konde likitua kwenye taya, kichwa hugeuka ghafla na ubongo hutikisika na kujipinda ndani ya fuvu.

Hatari ni za namna mbili. Ya kwanza huja haraka. Mshipa mdogo wa damu hukatika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na ubongo, na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu hiyo huukandamiza ubongo. Bondia anaweza kusimama, kuzungumza, hata kubishana, kisha baada ya dakika chache akaanguka. Hapo kila dakika ina thamani, kwa sababu anahitaji kupasuliwa upesi.

Ya pili huja polepole, baada ya miaka ya makonde mengi madogo. Mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliotembea kwa kuyumba na kuongea kwa shida kana kwamba wamelewa, ilhali hawakunywa kitu. Mashabiki walikuwa tayari na jina la kuwaita watu hao, jina la kejeli. Yaani watazamaji waliiona hali hiyo kabla madaktari hawajaiandika, na walichofanya ni kuicheka.

Wengi huuliza: si wanavaa glovu? Glovu hulinda zaidi mkono wa anayepiga. Kofia ya mazoezi nayo hupunguza michubuko na kuchanika ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike. Ganda la nazi ukilifunga kitambaa, maji ya ndani bado yatacheza.

2. Bingwa kutoka Nairobi

Robert Wangila Napunyi alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 alifika fainali na kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya 2. Akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Wazazi waliokuwa Kenya wakati ule watawasimulia furaha iliyokuwapo.

Baadaye alikwenda Marekani kucheza ngumi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Wangila alikuwa akipigwa sana, na refa akasimamisha pambano. Sasa someni sentensi inayofuata polepole. Wangila alilalamika. Aliona ameonewa, kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Baada ya hapo, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Hatuandiki haya kumlaumu marehemu. Tunayaandika kwa sababu yanafundisha jambo ambalo mabondia wenyewe hulikiri: mtu aliye ndani ya ulingo ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ameumia. Amefundishwa tangu utotoni kuyadharau maumivu, na kile kiungo ambacho angekitumia kufikiri ndicho kinachopigwa.

3. Usiku wa Tottenham

Hadithi ya pili ni ya hapa London, katika uwanja wa zamani wa White Hart Lane, ambapo baadhi yenu mmekwenda na baba zenu kutazama mpira. Tarehe 21 Septemba 1991 Michael Watson alipambana na Chris Eubank. Katika raundi ya 11 Watson alimwangusha Eubank, na ushindi ukaonekana uko karibu. Eubank akainuka na kumpiga konde moja la chini kwenda juu. Katika raundi ya 12 refa alisimamisha pambano, na muda mfupi baadaye Watson akaanguka katika kona yake.

Madaktari walikuwapo uwanjani, lakini huduma ya haraka ya kumsaidia kupumua pale pale ulingoni haikuwapo. Alipelekwa hospitali ya kwanza, kisha akahamishiwa nyingine yenye wapasuaji wa ubongo. Daktari Peter Hamlyn na wenzake walimpasua mara kadhaa. Watson alikaa siku 40 bila fahamu, na ilimchukua miaka kujifunza upya kusema na kutembea.

Watson aliishtaki mamlaka inayosimamia ngumi za kulipwa Uingereza. Alishinda mwaka 1999, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha ushindi wake Desemba 2000. Mahakama ilisema kwamba anayetunga kanuni za mchezo wa hatari ana wajibu wa kuhakikisha msaada uko karibu.

Mwaka 2003 Watson alitembea London Marathon yote. Ilimchukua siku 6. Siku alipomaliza, Hamlyn aliyempasua alikuwa naye, na Eubank aliyempiga alikuwa naye pia.

4. Aliyepiga goti

Kutokana na yaliyompata Watson, mipango ya matibabu ulingoni ilikuwa imeboreshwa kufikia tarehe 25 Februari 1995, Nigel Benn alipopambana na Mmarekani Gerald McClellan, pia hapa London. Katika raundi ya 10 McClellan alipiga goti, refa akamhesabia, naye hakuinuka mpaka hesabu ikaisha. Mtangazaji mmoja wa televisheni akasema kwamba amekata tamaa, kwamba amejiuzulu mwenyewe.

Hakuwa amekata tamaa. Damu ilikuwa ikikandamiza ubongo wake. Alifikishwa hospitali upesi, akapasuliwa, na maisha yake yakaokolewa. Lakini alipoteza uwezo wa kuona, na tangu hapo amekuwa akitunzwa na dada zake. Kilio kilikwenda kwao, kama methali inavyosema.

Fikirini kuhusu maneno ya yule mtangazaji. Bondia anayeendelea tunamwita shujaa; anayepiga goti tunamwita mwoga. Bondia anayajua hayo kabla hajapanda ulingoni. Kwa hiyo, hata mwili wake ukimwambia basi, anaogopa kusema.

5. Kocha aliyesema basi

Hadithi ya mwisho ni ya Manila, Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975. Muhammad Ali na Joe Frazier walipigana raundi 14 kwenye joto kali. Uso wa Frazier ulikuwa umevimba kiasi kwamba hakuyaona tena makonde yaliyomjia. Ilibaki raundi moja tu. Kocha wake, Eddie Futch, akasema inatosha. Frazier alikataa, akataka kuinuka kwenye kiti. Futch hakubadili uamuzi.

Ali alitangazwa mshindi, na Frazier alipoteza pambano kubwa kuliko yote aliyowahi kupigana. Lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake, akaishi miaka 36 zaidi. Wazee wetu husema: heri nusu shari kuliko shari kamili.

Linganisheni na Nicola Adams. Mwaka 2019 madaktari walimwambia kwamba pigo jingine kwenye jicho lingeweza kumpofusha. Alikuwa bingwa wa dunia. Akastaafu.

6. Na sisi mashabiki?

Nitaanza na mimi mwenyewe. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuja Birmingham na kumshinda Sam Eggington katika raundi ya 2, mbele ya watu wa kwao Eggington. Wengi hawakumpa Mwakinyo nafasi yoyote. Usiku ule simu yangu haikupumzika. Kila kundi la Watanzania lilikuwa likituma video ile ile. Niliitazama labda mara 10. Si mara moja niliyojiuliza Eggington anaendeleaje.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi wanaumizana, kunguru yuko juu ya mti, hana hata jeraha. Sisi mashabiki hatupendi kujiona kunguru. Tunasema tunampenda bondia wetu, na ni kweli. Tunapenda kumwona mtu wa kwetu, aliyetoka mtaa kama wetu, akisimama bila hofu mbele ya dunia. Babu zenu waliompenda Ali walimpenda hivyo. Alipomshinda George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, pambano lilianza karibu saa 10 alfajiri, na watu walikuwa wamekesha wakiliimba jina lake.

Lakini usiku ule Ali alijiegemeza kwenye kamba na kumwacha Foreman ampige, raundi baada ya raundi, mpaka Foreman akachoka. Sisi tulihesabu ushindi. Mwili wake ulihesabu makonde. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alimsihi aache, na mwaka 1977, alipoona hasikilizwi, akajiondoa kwenye kambi yake. Ali aliendelea mpaka 1981. Mwaka 1984 alitangazwa kuwa na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Madaktari hawakukubaliana wote ni kwa kiasi gani makonde yalichangia, lakini kila aliyemwona Atlanta mwaka 1996, mkono ukimtetemeka akiuwasha mwenge wa Olimpiki, alijiuliza swali hilo.

Mabondia nao wana lao la kusema, na lazima tuwasikilize. Chama cha madaktari wa Uingereza kimetaka ngumi zipigwe marufuku tangu mwaka 1982. Mabondia wengi hujibu: daktari hajui nilikotoka. Wanasema klabu ya ngumi iliwatoa kwenye magenge ya mtaani, ikawafundisha kuamka mapema, kula vizuri, kumheshimu mkubwa. Wanasema ukiifunga klabu, watapigana vichochoroni bila refa, bila glovu na bila daktari. Hoja hiyo si ndogo.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. "Basi" haiwezi kuachwa mikononi mwa bondia peke yake. Refa aseme, kocha aseme, daktari aseme, mama aseme. Na sisi tunaopiga kelele tuwe tayari kunyamaza, ili wanaosema basi wasikike.

D. SARUFI: -NGE- NA -NGALI-

Kesi ya Watson ilikuwa, kwa kweli, swali la sarufi. Mahakama iliuliza: kama huduma ya haraka ingalikuwapo ulingoni, je, Watson angaliumia kiasi kile?

-NGE- hutumika kwa jambo ambalo bado linaweza kutokea:
Ningekuwa kocha, ningetupa taulo mapema.
Kukataa: Nisingekuwa na kocha mzuri, nisingepanda ulingoni.

-NGALI- hutumika kwa jambo lililokwisha pita, ambalo haliwezi kubadilika:
Kocha angalimwacha, Frazier angaliendelea.
Kukataa: Futch asingalisema basi, pambano lisingalisimama.

Angalieni tofauti. -NGE- ina mlango ulio wazi. -NGALI- mlango wake umefungwa. Kazi ya kanuni zote za usalama ni kutuwezesha kusema -nge- leo, ili kesho tusilie kwa -ngali-.

E. MAZUNGUMZO (someni wawili wawili, kisha mbadilishane)

Kijana: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Mbona leo umeosha vyombo bila kuambiwa? Una jambo.
Kijana: Nimesoma ile habari ya Wangila.
Mama: Na mimi nimeisoma. Uliiacha karatasi mezani.
Kijana: Kwa hiyo ndiyo hapana kabisa?
Mama: Baba, mimi sizichukii ngumi. Babu yako alikuwa akitusimulia pambano la Kinshasa mpaka tunalala. Ninachoogopa ni siku nimekaa pale, watu wanashangilia, na mimi peke yangu naona umechoka.
Kijana: Je, nikienda kwa mazoezi tu? Kuruka kamba, kupiga begi, bila kupigana na mtu?
Mama: Na kocha akikwambia, haya, panda ulingoni?
Kijana: Nitamwambia bado.
Mama: Mbele ya wenzako? Na wakikucheka?
(Kijana ananyamaza.)
Mama: Hapo ndipo penye mtihani, mwanangu. Twende Jumanne tukamwone huyo kocha wako. Nina maswali matatu ya kumwuliza.
Kijana: Kwa hiyo umekubali?
Mama: Sijasema nimekubali. Nimesema twende.

F. MASWALI NA KAZI YA NYUMBANI

1. Kwa nini Wangila alilalamika refa aliposimamisha pambano? Jibu kwa sentensi mbili.
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mfano wa nazi. Unaeleza hatari gani?
3. Yule mtangazaji alimkosea McClellan kwa namna gani? Je, wewe umewahi kumwita mtu mwoga ukagundua baadaye kwamba hukujua hali yake?
4. Kamilisha: "Kama ningekuwa mama wa kijana huyu, ..." na "Kama mahakama isingalimsikiliza Watson, ..."
5. Andika yale maswali matatu ambayo mama atamwuliza kocha.
6. Muulize mzazi, babu au bibi, kwa simu ikibidi: alikuwa wapi aliposikia habari za pambano moja kubwa la ngumi, na alimshangilia nani? Mwulize pia kama aliwahi kumfikiria aliyeshindwa. Andika majibu yake kwa Kiswahili, kama alivyoyasema.

Maswali ya 5 na 6 tutayasoma kwa sauti Jumamosi ijayo. Yule kijana ameniambia mama yake ameomba kuja darasani siku hiyo. Tutamwekea kiti mbele.

Mwalimu wa darasa la wakubwa